Kuku Saba, Jogoo Mmoja na Ukuta wa Kange

Mimi ni mkazi wa Kange, hapa Tanga, mtu wa kawaida mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 15, mke mmoja, pensheni isiyofika mwisho wa mwezi na mbuzi ambao si wangu. Mbuzi hao ndio chanzo cha maneno haya yote. Kila nilipopanda mchicha waliuvuna wao, na walipoumaliza mchicha walihamia kwenye kamba ya kuanikia nguo, mpaka siku walipotafuna khanga ambayo mama watoto aliipenda kwa jina lake kuliko anavyonipenda mimi kwa langu. Jioni hiyo ikaamuliwa, na sikuwamo katika kikao, kwamba nyumba yetu izungushiwe ukuta.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Sisi watu wa Tanga tunakaa juu ya mawe ya chokaa, kama anavyojua kila aliyewahi kuingia kwenye mapango ya Amboni, na kiwanda cha saruji kipo hapo Pongwe, mwendo wa daladala moja tu. Nilijiaminisha kwamba mtu anayelala jirani na mahali saruji inapozaliwa hawezi kudhulumiwa saruji. Kumbe ni sawa na kudhani kwamba anayekaa pwani hawezi kuuziwa samaki aliyeoza.

Fundi wa kwanza alikuja kwa baiskeli. Wahenga wameisema Tanga kuwa ni mji wa waja leo waondoka leo, na fundi huyu alilishika neno hilo kwa dhati, kwa sababu alifika saa tatu asubuhi, akazunguka kiwanja mikono ikiwa nyuma, akatikisa kichwa kana kwamba anatazama mgonjwa, akaomba pesa ya kununulia uzi, na saa nne alikuwa ameshaondoka. Nilimwona tena baada ya siku kumi na moja. Uzi sikuuona.

Matofali tuliyanunua kwa mfyatuaji wa kando ya barabara, ambaye alijisifu mbele yangu kwamba mfuko mmoja wa saruji yeye humtolea matofali hamsini ya inchi 6, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpongeza kwa kubana matumizi. Hesabu niliifanya baadaye, nilipokuwa na muda mwingi na ukuta mchache. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22 na nusu linameza lita kumi na tano za mchanganyiko ulioshindiliwa, na mfuko wa kilo 50 ni lita thelathini na tano hivi za saruji. Ukichanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo nane za mchanga, matofali yako hayafiki ishirini kwa mfuko. Wengi huvuta mpaka ishirini na tano au thelathini, nao husalimika wakisalimika. Kwa hamsini, ndoo moja ya saruji inalishwa zaidi ya ndoo ishirini za mchanga, yaani saruji ilipitishwa mbele ya mchanga, wakatambulishwa majina, kisha kila mmoja akaenda zake.

Ukafika msingi. Fundi alichimba mtaro wa kina cha shibiri moja na nusu, nami nilipothubutu kuuliza kama haukuwa mfupi, alinitazama kwa huruma akasema, “Mzee wangu, ukuta wa fensi haubebi bati. Msingi wa nini?” Jibu hilo lilinikaa vizuri kwa sababu lilikuwa la bei nafuu. Leo ningemjibu. Kuta za nyumba hushikana mikono pembeni na kukaliwa na paa kichwani, kwa hiyo hata mmoja akilegea wenzake humzuia, lakini ukuta wa uzio umesimama peke yake wenye kimo cha mita mbili, na kusi ikianza kuvuma yote inaupiga ubavuni kama tanga la jahazi ambalo nahodha amesahau kulishusha. Haubebi bati, ni kweli, ila unabeba upepo, unabeba maji ya mvua yanayosukuma kutoka upande wa juu, na unabeba vijana wanaouegemea jioni kuzungumzia mpira.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu yananiumiza. Mota, ule mchanganyiko wa kuunganishia matofali, ilikorogwa asubuhi, mafundi wakaenda kunywa kahawa na kashata, wakarudi ikiwa imeanza kushika, wakaimwagia maji na kuikoroga upya kama uji uliopoa. Nguzo ziliwekwa pale walipochokea kujenga, si kwa kipimo. Kozi zote tisa za ubavu mmoja, yaani safu za matofali, zilipandishwa kwa siku moja, zile za chini zikiwa bado mbichi na zikielemewa kama punda wa gengeni. Nilipouliza kuhusu kumwagilia, nikaambiwa mvua itakuja kumwagilia yenyewe.

Hilo ndilo neno pekee la fundi lililotimia. Mvua ilikuja. Masika yalipofikia wiki ya tatu, maji yote ya upande wa juu yaliteremka mpaka kwenye ukuta wangu yakakuta hakuna hata tundu moja la kupitia, yakatua, yakajaa, na kwa usiku mmoja nilimiliki bwawa. Saa nane usiku nilisikia mlio ambao si wa radi. Niliposhika tochi na kutoka, mita kumi na nane za ukuta zilikuwa zimelala chini, zimenyooka, kozi tisa zikifuatana kwa adabu, na huo ndio wakati pekee ambao ukuta ule ulionekana umenyooka.

Ulilala juu ya banda la jirani. Jirani yangu ni mama mtu mzima, mcha Mungu, mpole wa maneno, lakini kuku akishakufa bei yake hupanda kwa namna ambayo hakuna mchumi aliyeieleza. Walikuwa saba na jogoo mmoja. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa nilielezwa kwamba wale saba wote walikuwa wanakaribia kutaga, na kwamba yule jogoo alikuwa wa mbegu, akiazimwa mpaka Pongwe. Nililipa. Nilimlipia hata mahari, kwa jinsi nilivyohesabu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Tongoni kwenye msiba, kilometa kumi na saba hivi kusini ya mji, na baada ya maziko jamaa wakanitembeza kwenye magofu. Sikutaka kwenda, nilipelekwa. Pale kuna msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, bila nondo hata moja, bila mfuko wa kilo 50, na chumvi ya bahari ikiyapulizia usiku na mchana. Baadhi ya nguzo zimeanguka, sikatai. Lakini kuta zipo. Ukuta wangu ulikuwa na umri wa miezi saba. Wenzangu walinikuta nimesimama pale kimya, mkono juu ya jiwe, wakadhani namlilia marehemu.

Fundi wa pili ni mzee wa Mabawa, mtu asiyecheka ovyo na asiyetaka pesa ya uzi kwa sababu uzi anao. Siku ya kwanza hakugusa tofali. Aliuliza maji hutokea wapi na huelekea wapi, akatafuta bikoni nne za kiwanja, yale mawe ya mipaka, mpaka akazipata, moja ikiwa chini ya jaa langu mwenyewe, kisha akayatazama yale matofali yaliyosalimika. Alinyanyua moja mpaka usawa wa kiuno akaliachia. Lilitua likawa mchanga. Hakusema kitu, ila alinitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekuwa akijitibu mwenyewe.

Mchanga nao ukawa mtihani. Alinifundisha kuuweka kwenye chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha itulie, nikaona tabaka nene la udongo laini limekaa juu, akaurudisha mzigo wote. Mzigo wa pili akashuku kwamba umetoka ufukweni. Alieleza kwamba chumvi huvuta unyevu na kutoa unga mweupe kwenye plasta, na huko ndani huishika nondo kwa kutu, na kutu huvimba mpaka zege linapasuka. Nikauliza tutaijuaje chumvi. Akasema, “Onja.” Kwa hiyo mtu mzima mwenye wajukuu nilisimama barabarani mchana kweupe nikilamba mchanga, huku vijana wa bodaboda wakinitazama na mmoja wao akisema kwa sauti ya upole kwamba maisha yamekuwa magumu.

Msingi ulichimbwa futi mbili mpaka ukakutana na ardhi ngumu, na kule kwenye mteremko ukakatwa ngazi ngazi ili sakafu ya mtaro ibaki tambarare. Chini likamwagwa zege la inchi 6, juu yake matofali yakalazwa kwa ubapa, na kila baada ya mita tatu ikasimamishwa nguzo yenye nondo nne za milimita 12 zilizofungwa ringi na kuanzia humo humo ndani ya msingi. Pesa zangu zote ziliingia shimoni kabla ya ukuta kuchungulia juu ya ardhi. Wapita njia walikuwa wakiuliza kama nachimba choo. Hakuna matumizi yanayomuuma mwanamume kama yale yasiyoonekana na wageni, nami nilitamani kuacha sehemu moja ya msingi wazi na kuitilia kioo.

Kisha yakaja matofali mapya, na amri ya kuyamwagilia. Asubuhi na jioni, kwa siku saba mfululizo, chini ya kivuli cha makuti yasikaushwe na jua, kwa sababu saruji haipati nguvu kwa kukauka bali kwa kunywa, na nguvu yake huhesabiwa kwenye siku ya ishirini na nane. Mambo haya niliyajua. Lakini jaribu kumweleza hayo mtoto wa jirani aliyeniona kila magharibi na ndoo nikinyunyizia matofali kama miche ya mnazi. Siku ya nne aliniuliza kama yameota. Siku ya sita alikuja na wenzake.

Ugomvi mkubwa uliletwa na mwanya. Kwenye ubavu mrefu, baada ya mita saba na nusu, mzee yule aliacha nafasi ya milimita 10 kutoka juu mpaka chini, kwa makusudi, na mama watoto akaiona. “Yule wa kwanza nyufa zilikuja zenyewe bure,” alisema, “na huyu tumemlipa atutengenezee?” Fundi aliweka mwiko chini akamjibu kwa heshima zote, “Mama, ukuta wa saruji hunywea ukikauka, na kila siku hutanuka kwa jua na kurudi usiku. Kupasuka utapasuka. Mimi ninachokifanya ni kuuchagulia mahali.” Mama watoto alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na mpaka leo sijui alikuwa akifikiria nini.

Ukuta ulipanda kozi tano au sita kwa siku, haukuzidi, timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ikining'inizwa mara nyingi kuliko mwiko ulivyotumika. Juu ukavikwa kofia iliyotokeza pande zote mbili, yenye mfereji mwembamba upande wa chini ili matone yadondoke mbali badala ya kulamba ubavu. Na chini, kila baada ya hatua mbili, yakaachwa matundu ya maji. Hapo jirani akaja kwangu amejitanda vizuri, akasalimia, akauliza hali ya nyumbani na ya watoto walioko mbali, akakubali kiti, akakataa chai, kisha akasema, “Baba, mwaka jana ulinitupia ukuta. Mwaka huu wanitupia maji?” Ikabidi nichimbe mfereji wa mita thelathini kwa gharama yangu, kuyapokea maji yale na kuyapeleka barabarani. Hesabu ya mfereji haikuwa kwenye karatasi yoyote. Banda jipya la kuku alilijenga mita sita kutoka ukutani, nami nililichukulia hilo kama maoni ya kitaalamu.

Masika yamepita, na ukuta umesimama. Geti bado, kwa sababu pesa iko msingini, na mbuzi wameshajua njia.

Juzi alasiri nilikuwa nimekaa barazani nilipoona baiskeli ninayoifahamu inasimama. Alikuwa fundi wa kwanza, na amempakia mtu nyuma, mgeni aliyevaa vizuri mwenye karatasi ya ramani mkononi. Hawakuniona. Fundi aliupiga ukuta wangu kofi mara mbili kama mtu anayemsifu ng'ombe wake, akamwonyesha mgeni zile nguzo, ile kofia, hata ule mwanya, akimweleza kwamba huo ni utaalamu ambao mafundi wengi hawana. Nikatoka. Alishtuka kidogo tu, kisha akanikumbatia. “Huyu hapa mwenyewe!” alimwambia mgeni. “Muulize. Sehemu ya msingi huu si niliichimba mimi?”

Na kweli, shibiri moja na nusu ya juu ilikuwa yake.

Mgeni akanigeukia kwa adabu, akaniuliza kazi ya fundi huyu naionaje. Nilimkaribisha akae, nikamuuliza kama huko anakotaka kujenga jirani yake anafuga kuku.