Sangara wa herufi saba

Nilitaka neno SANGARA liwe samaki. S niliipindisha ikawa mkia, A zote tatu zikawa mapezi, R nikaifungua mdomo. Nikajiona fundi. Jirani akaichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akauliza, "Hii ramani ya wapi?"

Kosa hilo naliona kwa wengi wetu tunaochora kwa maneno hapa Mwanza: tunakimbilia umbo kabla ya kipimo. Tumeona bismillahi ya Waturuki iliyokunjwa ikawa ndege, tukadhani siri ni ndege. Siri ni nukta. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alizipima herufi za Kiarabu kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu. Alifu, herufi ya kwanza iliyo mstari wima, ina urefu wa nukta kadhaa, na urefu huo ndio kipenyo cha duara ambamo herufi nyingine hupimwa. Ukichukua kalamu nene, zote zinanenepa pamoja. Ndiyo maana yule ndege, hata akunjwe vipi, anasomeka.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya herufi za Kiarabu tu (ambazo, kwa taarifa, ziliandika Kiswahili kabla ya hizi za Kirumi). Eti za Kirumi hazishikani, kila moja imesimama kivyake kama abiria wa kivuko cha Kamanga. Sikubali. Nendeni Mwaloni, Kirumba, mkamtazame mzee anayeandika majina ya mitumbwi. Kabla ya kuchovya rangi huilaza brashi kavu ubaoni, anahesabu upana wake, anatia alama ya chaki, anahesabu tena. Mbao zinapoanza kupinda kuelekea omo, mbele ya mtumbwi, herufi anazilaza kidogo. Ukiwa karibu utasema amekosea. Rudi nyuma hatua kumi, jina limenyooka.

"Mzee, hutumii rula?" nilimuuliza.

"Rula imenyooka, mdogo wangu. Mtumbwi je?"

Jumamosi ile nilikwenda Luchelele, nikakata tete la kalamu ufukweni, nikalianika, nikalichonga ncha kwa mshazari. La kwanza lilipasuka. La pili linaandika vizuri, ila linakunywa wino kama ng'ombe. Hii wiki ya tatu naandika A tu, kwa kuhesabu nukta. Jirani ameshaacha kuuliza ni ramani ya wapi. Siku hizi anauliza samaki yuko wapi.