Jasho, uhuru na nafasi ya sita katika gemu za mbio za magari

Wapenzi wa gemu za mbio za magari wana ubishi usiokwisha kuhusu sehemu ya taaluma, ile ambamo mchezaji peke yake huanza akiwa dereva asiyejulikana na kupanda hadi ubingwa. Kambi moja inataka jasho: uanze na kigari dhaifu na ukusanye fedha kidogo kidogo. Nyingine inataka uhuru: gemu nimeshailipia, nifungulieni magari yote.

Kambi ya jasho ina hoja nzito, na shahidi wake mkuu ni Gran Turismo ya kwanza, ya mwaka 1997. Ulipewa krediti 10,000, yaani fedha za ndani ya gemu, zilizotosha gari la mtumba tu, na mitihani ya leseni ilikungoja. Ufukara ule ulikuwa na kazi yake. Ulikulazimisha kulijua gari moja barabara, linaanzia wapi kuteleza na breki zake zinavumilia kiasi gani. Ulipopata fedha za tairi bora, uliihisi tofauti kwenye kona ileile iliyokuwa ikikushinda jana. Katika Forza Horizon 5 ya mwaka 2021, gurudumu la bahati linaweza kukumwagia gari la kifahari hujamaliza hata kulizoea la kwanza. Gemu ile ni tamasha, na kwa tamasha inafaa sana, ila gari la thelathini huingia gereji bila mwenyewe kustuka.

Tatizo ni kwamba jasho hugeuka kibarua upesi. Machi 2022, sasisho la Gran Turismo 7 lilipunguza zawadi za baadhi ya mbio, katika gemu ambamo krediti zinauzwa pia kwa fedha halisi. Wachezaji walikasirika, na kwa haki. Watengenezaji wake, Polyphony Digital, waliomba radhi, wakagawa krediti milioni 1 na kupandisha zawadi. Forza Motorsport ya mwaka 2023 nayo ilitaka kila gari lipandishwe daraja peke yake ndipo vipuri vyake vifunguke. Mwaka uliofuata watengenezaji wakaulegeza utaratibu huo. Kurudia mbio moja mara kumi kwa ajili ya fedha hakumfundishi mtu udereva.

Project CARS ya mwaka 2015 ilikwenda njia ya pili: hakuna kununua gari, na unaweza kuanza taaluma kwenye daraja lolote, kuanzia magari madogo ya karti. Kwa mtu mwenye saa moja tu ya kucheza, hiyo ni heshima kubwa. Hasara yake ni kwamba kilichofunguliwa chote kwa pamoja hakikuiti kesho.

Mimi naona kambi zote mbili zinabishania kufuli, na zinasahau kuuliza nini kinatokea baada ya mstari wa mwisho. Nikimaliza wa sita, kuna kitu kimebadilika? Katika mbio nyingi za Gran Turismo 7 unaanzia nyuma kabisa, wapinzani wametawanyika mbele, na kazi yako ni kuwapita mmoja mmoja kabla mizunguko haijaisha. Ukikosa ushindi, unarudia. Hilo ni zoezi la kupita magari, na ni zuri kama zoezi.

Gemu za Formula 1 za kampuni ya Codemasters zinalielewa swali hilo la baada ya mstari wa mwisho vizuri zaidi. Ukiwa kwenye timu dhaifu, nafasi ya kumi inaleta pointi moja, na dereva mwenzako ndiye kipimo chako halisi. F1 2020 ilikuruhusu hata kumiliki timu ya 11, ukatafuta mdhamini na kuliendeleza gari lako mwenyewe. Race Driver: GRID ya mwaka 2008 ilikuwa na wadhamini, dereva wa kuajiri, na timu pinzani ya Ravenwest iliyokukalia kooni tangu mwanzo. Iliruhusu pia kurudisha muda nyuma baada ya ajali, lakini kwa idadi maalumu. Kikomo kile kilikuwa busara: mgeni alipata msaada, na kosa liliendelea kuwa na gharama. Forza Motorsport 3 ilipoondoa kikomo mwaka uliofuata, kona ngumu zilipoteza meno.

Wapinzani nao wanahitaji sura. Katika Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005, mpinzani aitwaye Razor anakunyang'anya BMW yako mapema kabisa, halafu unapanda orodha ya madereva 15 hadi umfikie. Hadithi ni nyepesi, lakini kila mbio ina anayedaiwa. Siku hizi kuna Gran Turismo Sophy, akili bandia ya Sony iliyotangazwa mwaka 2022 baada ya kuwashinda madereva bora wa gemu za Gran Turismo. Kasi ya kiwango hicho haimsaidii mchezaji wa kawaida. Angefaidika zaidi na mpinzani anayemkaribia kwa uwezo, asiyepunguza mwendo kwa makusudi ili kumsubiri, na anayekutana naye tena wiki inayofuata pengo la pointi kati yao likiwa limebaki nne.