Kadi ya grafiki au kori zaidi? Fedha za maabara ya ubongo ziende wapi

Bajeti ya kompyuta ikishapita ndipo ugomvi unapoanza. Nimekaa kwenye vikao vitatu vya namna hii na vyote vilikwenda njia moja. Vijana wanataka kadi kubwa ya Nvidia, mtu wa takwimu anataka prosesa yenye kori nyingi (vikokotoo vya ndani yake) na RAM ya kushiba, ile kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, na mkuu wa maabara anataka tu kuambiwa kwa nini picha za wagonjwa 80 hazijaisha kuchambuliwa tangu Pasaka. Fedha inatosha kimoja. Kila upande unakuja na ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa kweli, ndiyo maana kikao hakiishi.

Tuwasikilize wa kadi kwanza, maana hoja yao inang'aa. Picha ya MRI ni mchemraba mkubwa uliojengwa kwa vichemraba vidogo viitwavyo vokseli. Zipo picha zinazopima jinsi maji yanavyosambaa ndani ya ubongo, na hizo ndizo zinazotumiwa kufuatilia njia za nyuzi za neva. Programu ya bedpostx, iliyomo kwenye FSL, mkusanyiko wa programu za picha za ubongo kutoka Oxford, huichukua kila vokseli na kukadiria nyuzi zake zimeelekea wapi, kwa kukisia na kusahihisha maelfu ya mara. Vokseli ya kushoto haina haja ya kujua jibu la vokseli ya kulia. Kadi ya grafiki imeumbwa kwa kazi ya aina hiyo hasa: vikokotoo vidogo maelfu, kila kimoja kinahangaika na ya kwake. Mwaka 2013 bedpostx ilitolewa ikiwa imeandikwa upya kwa CUDA, mfumo wa kuandikia programu za kadi za Nvidia, na kasi iliyoripotiwa ilizidi mara 100 ukilinganisha na kori moja ya prosesa. Kazi ya siku nzima ikawa ya robo saa. Eddy, programu ya FSL inayosahihisha mtikisiko wa kichwa na upotofu wa picha hizo hizo, nayo ina toleo lake la CUDA. Anayechambua picha za aina hii kwa wingi bila kadi anajitesa bure, na hapo sina ubishi.

Ila ni kadi ya Nvidia, siyo kadi yoyote. CUDA haikimbii kwenye kadi za AMD, wala kwenye Mac zenye chipu za Apple zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020. Nimeona mtu amenunua laptopu ya fahari kwa fedha za utafiti, halafu anaomba nafasi kwenye kompyuta kuukuu ya mwenzake yenye kadi ya michezo ya video.

Sasa upande wa pili. FreeSurfer, programu ya Bruce Fischl na wenzake wa Martinos Center huko Boston, ndiyo inayotumiwa na wengi kupima unene wa gamba la ubongo na ujazo wa sehemu zake. Amri yake ni moja, recon-all, na ukishaigonga nenda kalale: kwa matoleo ya kabla ya la 8, kwenye kompyuta ya kawaida mtu mmoja huchukua saa 6 hadi 12, na pengine zaidi. Inasafisha picha, inavua fuvu, inatenganisha dutu nyeupe na ya kijivu, inajenga uso wa gamba, inaziba matundu, inauvimbisha uso ule kama puto. Kila hatua inasubiri iliyotangulia. Matoleo ya zamani yalikuwa na hatua kadhaa zilizoandikwa kwa CUDA, baadaye zikaondolewa. Kwa matoleo yaliyofuata, kabla ya la 8, ukiweka kadi ya bei mbaya kwenye mashine inayofanya recon-all tu, umeinunulia mashine pambo.

Hata kori nyingi zina mpaka wake, na hapa ndipo wa kori nao hujidanganya. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoamua kasi utakayofikia. Tuseme recon-all inachukua saa 10, na saa 6 kati ya hizo zinaweza kugawanywa. Ukizimwagia kori 16, zile saa 6 zinashuka hadi dakika 22 au 23, lakini saa 4 zilizobaki hazisogei. Umelipia kori 16, umepata kasi isiyofika hata mara mbili na nusu.

Badili swali kidogo. Wagonjwa 16 wakipita mmoja mmoja, kila mmoja akitumia kori zote, utamaliza kwa saa 70. Wape kila mmoja kori yake, wote waanze pamoja, na kila mmoja atachukua zile saa zake 10, tuseme 12 kwa sababu watagombania njia ya kufikia RAM. Kisha wote wamekwisha. Sufuria moja huwezi kuigawia mafiga kumi ukategemea wali uive mara kumi upesi, ila sufuria kumi, kila moja na mafiga yake, ndizo zinazolisha harusi.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu kadi, ulizaneni: mnataka jibu la mgonjwa mmoja haraka, au majibu ya wengi kwa wiki? Daktari anayemsubiri mgonjwa aliyeko nje ana haraka ya aina moja. Mtafiti mwenye bongo 80 (za kichwani, siyo Dar) ana haraka ya aina nyingine kabisa, na mara nyingi huwa anaazima vigezo vya daktari bila kujua.

Wa kadi watajibu, na wana haki, kwamba dunia imehama. Mwaka 2020 timu ya Martin Reuter huko Bonn ilitoa FastSurfer, ambayo mtandao wake wa neva bandia huugawa ubongo katika sehemu 95 kwa chini ya dakika moja ikiwa kuna kadi. Dakika moja kwa kazi iliyokuwa ikila usiku kucha! Niliposoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika. Lakini ukitaka na unene wa gamba, hatua ya kujenga nyuso bado inakwenda kwenye prosesa, na inachukua kama saa moja. Halafu ipo SynthSeg, iliyomo ndani ya FreeSurfer ya sasa: kwenye kadi ni sekunde kadhaa, kwenye prosesa tupu ni dakika moja au mbili. Mtandao ambao wengine wameshaufundisha hauhitaji kadi ili utumike, unaihitaji ili uende mbio. Kadi inakuwa ya lazima pale unapotaka kufundisha mtandao wako mwenyewe, na maabara ngapi ndogo zinafanya hivyo? Nyingi zinasema zitafanya mwakani.

RAM haina mashabiki kikaoni, lakini ndiyo iliyoniumiza. Chukua picha za ubongo unaofanya kazi, za mtindo wa Human Connectome Project, mradi wa kuchora miunganiko ya ubongo: mtu analala ndani ya mashine, inapigwa picha ya ubongo mzima kila sekunde 0.72 mpaka zifike 1,200. Ukizipanga kwenye kiolezo cha kawaida cha milimita 2, kila picha ina vokseli 91 kwa 109 kwa 91, yaani 902,629. Zidisha kwa 1,200, ni zaidi ya namba bilioni moja. Kila namba ikichukua baiti 4, hiyo ni gigabaiti 4.3. MATLAB, programu ya hesabu ambayo ndani yake huendeshwa SPM, programu nyingine ya picha za ubongo, kwa kawaida huhifadhi namba kwa baiti 8, na hapo tayari ni gigabaiti 8.7. Programu ikitengeneza nakala moja tu ili ichuje mawimbi, umevuka 17, na huyo ni mtu mmoja, kikao kimoja. Kadi yenye gigabaiti 8 haiwezi hata kuupokea mzigo huo kwa mkupuo.

Niliwahi kuanzisha kazi sita kwa pamoja Ijumaa jioni nikaondoka kwa raha zangu. Jumatatu nilikuta kwenye skrini neno moja, Killed, mara tano. RAM ilijaa, Linux, mfumo unaoiendesha mashine, ikachagua za kuua. Ile moja iliyosalia ilikuwa imejikokota kwa kutumia diski badala ya RAM, na nayo ilikuwa haijafika nusu.

Diski nisiichelewe: ya NVMe, ile ya chipu yenye kasi, kwa kazi zinazoendelea, ya kuzunguka kwa kuhifadhia, basi. Jueni tu kwamba mafaili ya nii.gz, yaani picha za ubongo zilizobanwa, hufunguliwa na kori moja, kwa hiyo diski ya kasi ya ajabu inaweza kukaa ikiisubiri prosesa. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ihesabiwe kuwa sehemu ya kompyuta. Umeme ukikatika saa ya tisa ya recon-all, unaweza kuiendeleza kwa kipengele cha make badala ya kuanza upya, lakini lazima kwanza mtu agundue kwamba ilikatika.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili huliruka, nami naliona zito kuliko kasi yenyewe. Mwaka 2012 Gronenschild na wenzake walichukua picha zile zile wakazipitisha kwenye matoleo matatu ya FreeSurfer, kompyuta za aina mbili na matoleo mawili ya mfumo wa Mac. Ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 kati ya matoleo ya FreeSurfer, na kubadili kompyuta au mfumo kulileta tofauti ya karibu nusu ya hiyo. Ziweke namba hizo kando ya ugonjwa wenyewe: kwa mgonjwa wa Alzheimer, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hupungua kwa asilimia kama 4 au 5 kwa mwaka, na kwa mzee mzima wa afya ni kama asilimia moja na nusu. Ukiwapima wagonjwa wako mwaka huu kwenye mashine ya zamani na mwakani kwenye mpya, unaweza kuandika makala nzima kuhusu ugonjwa wa kompyuta. Mashine mpya ikifika katikati ya utafiti, ama wa kwanza warudiwe wote, ama iachwe isubiri utafiti ujao. Kasi uliyoinunua inapungua hapo hapo, na sijawahi kuona gharama hiyo ikiandikwa kwenye ombi la fedha.

Wengine husema tukodishe seva za mtandaoni tumalize ubishi. Kwa kazi ya mara moja nakubali, maana unakodi kadi kwa wiki mbili na kuirudisha. Ila picha ya kichwa ina uso. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walijenga nyuso kutoka kwenye MRI za watu 84 waliojitolea, na programu ya kawaida ya kutambua sura ikawatambua 70 kati yao kwa picha zao za kamera. Uso ufutwe kwanza, ndipo faili litoke nje ya jengo, na kamati ya maadili ijue. Kupandisha gigabaiti mia kadhaa kwa bando nako ni adhabu yake.

Nikilazimishwa kuchagua bila kuuliza chochote, nitaanza na RAM, kisha kori, kisha kadi. Ukiniambia unafanya picha za nyuzi za neva, naigeuza orodha hiyo juu chini bila kusita. Kwa hiyo napendelea kuuliza.

Kwenye kikao cha tatu hatukupiga kura. Kijana mmoja aliomba dakika tano, akafungua laptopu, akaingia kwenye ile mashine iliyokuwa chini ya meza tangu mradi uliopita. Akagonga nproc, amri ya kuhesabu kori, ikasema 32, yaani kori 16 halisi zilizohesabiwa mara mbili. Akagonga free, amri ya kuonyesha RAM, ikasema gigabaiti 32. Kisha akafungua skripti iliyokuwa ikichambua wale 80: mmoja akiisha, ndipo anaanza mwingine. Saa 10 mara 80 ni saa 800, siku 33 mfululizo, bila kuhesabu umeme uliokatika. Mtu wa takwimu akafanya hesabu nyuma ya bahasha. Recon-all moja ya toleo lile ilipendekezewa gigabaiti 8, kwa hiyo RAM ile ilitosha wanne kwa pamoja. Ikifika gigabaiti 128, wataingia 16, mikupuo mitano ya saa 12. Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi.

Tulinunua RAM na UPS. Mkuu aliuliza kilichobaki kifanywe nini, kijana akasema kikae mpaka picha za nyuzi zianze kuingia, ndipo anunuliwe kadi yake.