Miwani ya kusomea sokoni: iachwe au ipigwe marufuku?

Pita soko la Mwanga hapa Kigoma, utamkuta mmachinga na ubao wa miwani ya kusomea, kila moja na kibandiko cha nguvu yake kwenye kioo: +1.50, +2.00, +2.50. Mteja anavaa, anasoma maandishi ya simu yake, anavua, anajaribu nyingine. Ikimkubali analipa na kuondoka. Wapo wanaotaka biashara hii ipigwe marufuku kwa sababu hakuna aliyempima macho mtu huyo. Mimi nasema iachwe, ingawa hoja yao moja ni nzito kweli.

Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi inashindwa kubadili umbo vizuri ili tuone vya karibu. Huo si ugonjwa, ni utu uzima. Fundi cherehani anaanza kuisogeza sindano mbali na uso. Mshona nyavu wa Kibirizi anamwita mjukuu amtungie uzi. Watu hawa miwani ya sokoni huwatosha, na yale maneno kwamba inaharibu macho si kweli. Namba isiyomfaa mtu itamuumiza kichwa, akiivua yanaisha. Faida nayo imepimwa: katika utafiti wa vijijini Bangladesh uliotolewa 2024, watu wazima waliopewa miwani ya kusomea bure waliwazidi kipato wenzao wasiopewa kwa takriban asilimia 33 baada ya miezi minane. Kwa mtu anayeishi kwa kazi za mikono, hizo si pesa za kudharau.

Sasa ile hoja nzito. Presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida hula kwanza uwezo wa kuona pembeni, polepole na bila maumivu, huku herufi zilizo mbele zikiendelea kusomeka hadi hatua za mwisho. Na kipimo cha mmachinga ni hicho hicho, kusoma herufi zilizo mbele! Mtu anaweza kuwa amepoteza sehemu kubwa ya uoni wake, akafaulu pale sokoni, akarudi nyumbani ameridhika. Mtoto wa jicho akichelewa bado kuna upasuaji. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Tena sisi Waafrika hutupata zaidi, na mapema zaidi.

Lakini je, marufuku itampeleka hospitali? Mzee wa Kalya au Buhingu, anayesafiri ziwani hadi kufika mjini, hatapanda boti kwa sababu miwani imeondolewa sokoni. Atakaa bila miwani na glakoma yake vilevile. Wa mjini hana kisingizio hicho: akishafika 40 akapimwe presha ya macho, hata kama miwani yake ya sokoni inamfaa, hasa kama kwao kuna aliyepofuka.

Kwa watoto sina mjadala, hapo wataalamu wako sahihi kabisa. Mtoto asiyeona ubaoni mara nyingi anahitaji lenzi za namba hasi, za kuonea mbali, wala si hizo za kusomea. Jicho lake hujikaza sana kiasi cha kudanganya kipimo, ndiyo maana hutiwa dawa ya matone kwanza. Na jicho moja likiwa dhaifu, ubongo huanza kulipuuza. Mtoto akishapita umri wa miaka saba au minane, kulirudisha huwa kazi ngumu.

Ningependa wauzaji wafundishwe jambo moja: mteja azibe jicho moja kisha jingine, atazame mbali na karibu. Jicho likipishana sana na mwenzake, au vya mbali vikionekana kwa ukungu, asiuziwe kitu. Aelekezwe hospitali ya mkoa, Maweni.