Dawa zilikuwa kabatini siku zote

Anayetaka kujua chuo kikuu kinamfaa nini mgonjwa asianzie maabara. Aanzie chumba cha kujifungulia, saa nane za usiku, mkunga mmoja na wazazi watatu. Mmoja amejifungua salama, mtoto analia, damu inatoka. Swali ni moja tu: inatoka kiasi gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jicho. Damu inalowa kwenye kanga, inachuruzika sakafuni, inachanganyika na maji ya chupa ya uzazi, mkunga anakadiria. Jicho hudanganya, na hudanganya zaidi kadiri damu inavyokuwa nyingi. Mwili wa mama nao unaficha: presha hushikilia kwa muda, kisha huporomoka ghafla. Akiwa na upungufu wa damu tangu ujauzito, muda huo ni mfupi zaidi.

Tiba ilijulikana. Oksitosini, ya kuufanya mji wa mimba ujikaze, ni dawa ya zamani. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, ilithibitishwa mwaka 2017 na jaribio la WOMAN, lililoongozwa na chuo cha London cha afya na magonjwa ya kitropiki kwa wanawake 20,060 katika nchi 21: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kutokwa damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka huohuo. Na bado kina mama waliendelea kufa, wakati mwingine hatua chache kutoka kwenye kabati lenye dawa.

Hapo ndipo ninapoipa heshima kazi ya Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzake wa Nairobi, Muhimbili (MUHAS), Bayero kule Kano, na Cape Town. Jaribio lao, E-MOTIVE, halikutafuta dawa mpya. Liliuliza kwa nini zilizopo hazimfikii mama kwa wakati. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwanza miezi saba ya kupima hali ilivyo, kisha kura ya kuzigawa hospitali, za mpango mpya na za kulinganishia, miezi miwili ya kujipanga, halafu miezi saba ya utekelezaji.

Kifaa chenyewe hakina makuu: shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio mara mtoto anapozaliwa, lenye mfuko wa kukingia damu na mistari ya vipimo. Mkunga anausoma mfuko kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, pamoja na mapigo, presha na ugumu wa mji wa mimba. Damu ikifika mililita 500, hasubiri kitu. Ikifika 300 na kuna dalili nyingine mbaya, vilevile hasubiri. (Mwongozo wa kimataifa wa 2025 umeifuata njia hiyo: mililita 300 zinatosha kuanza tiba kama mapigo au presha vimeshavurugika.)

Kinachofuata ni mambo matano kwa mkupuo, ndani ya dakika 15 hivi: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuufanya ujikaze, traneksamiki, dripu, na kukagua njia ya uzazi huku msaada ukiitwa. Neno zito hapo ni mkupuo. Mazoea ya zamani yalikuwa ngazi: kanda, subiri, choma sindano, subiri, ikishindikana, ongeza nyingine. Kila kusubiri kunalipwa kwa damu.

Makosa ya kawaida yanajulikana. Mkunga anaona ameshatoa yuniti 10 za oksitosini mtoto alipozaliwa, anadhani imetosha. Hiyo ilikuwa ya kinga. Ya tiba ni nyingine, inapita kwenye dripu. Au oksitosini imekaa dirishani badala ya kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, ikapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Traneksamiki ni gramu 1, kwa kawaida ampuli mbili za miligramu 500, isukumwe taratibu kwa dakika 10. Ukiiharakisha presha inashuka. Isikae kamwe jirani na dawa ya ganzi ya mgongo, maana ampuli zinafanana na zimeshawahi kuchanganywa kwa matokeo ya kifo. Dripu nayo kazi yake ya kwanza ni kupitisha dawa, si kumjaza mama maji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Kutokwa damu kulitambuliwa kwa asilimia 93 ya waliokumbwa nako kwenye hospitali za mpango mpya, dhidi ya 51 kwenye hospitali za kulinganishia. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kutokwa damu, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kutoa hukumu, na watafiti hawakujidai vinginevyo.

Sasa, wanunuzi wa vifaa watasema: basi tuagize mifuko. Hapana. Jaribio kubwa la nchi 13 za Ulaya, wanawake zaidi ya 25,000, lililochapishwa mwaka 2010, lilipima mfuko wa kukingia damu peke yake bila kuufunga na hatua za tiba. Haukupunguza kutokwa damu kukubwa. Kumwonyesha mkunga namba bila kumwambia afanye nini, na bila kumwekea dawa karibu, ni kumpa hofu tu. E-MOTIVE iliweka vitu vyote kwenye toroli au begi moja linalojazwa upya kila baada ya kutumika, mazoezi kwa vitendo palepale wodini, kinara wa kufuatilia katika kila hospitali, na takwimu za kila mwezi zilizorudishwa kwa wakunga wenyewe. Begi lisipojazwa, mgonjwa wa pili wa usiku huo hana mfumo.

Ndiyo maana naona vyuo vyetu vinakosea vinapompandisha cheo mhadhiri kwa kuhesabu makala zake tu. Aliyekaa wodini miezi sita akibaini kwamba ufunguo wa kabati huondoka na msimamizi wa zamu ya mchana amefanya utafiti, na pengine ameokoa wengi kuliko makala tano. Tasnifu ya shahada ya uzamili ingepaswa kuwa na ukurasa unaojibu: nani atalinunua hili, litakaa wapi, nani atalijaza?

Maswali yapo. E-MOTIVE ilihusu wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Kwenye chumba cha upasuaji damu inagawanyika kati ya chupa ya mashine ya kufyonza, vitambaa na sakafu, tena imechanganyika na maji ya chupa, na mistari ya mililita 300 na 500 haiwezi kuhamishiwa huko kwa kunakili.