Vigingi vya Usiku wa Ramadhani

Kazi yangu ni kushika fimbo. Ile fimbo ndefu ya wapima ardhi, yenye kisahani juu kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Bosi anasoma kioo cha mashine, mimi nashika, nikitikisika natukanwa. Basi.

Machi 2024, ndani ya Ramadhani, tuliitwa upande wa Mtambwe, Pemba, kugawa shamba la urithi. Kaka mafungu mawili, dada fungu moja. Hesabu hiyo haikuwa na mbishi. Ugomvi ulikuwa mkarafuu mmoja mkongwe, mnene, uliosimama hapo hapo mpaka mpya unapopita. Mchana tulizipata pembe zote isipokuwa ya mkarafuuni. Adhana ikalia, tukafuturu. Bosi akashauri tumalizie asubuhi. Kaka mtu hakutaka kusikia, ana boti ya kurudi Unguja.

"Kwani setilaiti nazo zinafuturu?" akauliza.

Bibi yao alikuwa barazani na tasbihi yake. "Magharibi ikishaingia, hata watoto hurudishwa ndani," akasema. "Huko nje kuna wenyewe."

Hakuna aliyemjibu. Ilipofika saa mbili usiku tukatoka na tochi: kaka, dada na mumewe, sheha na daftari lake, na jirani mmoja mzee ambaye hakualikwa na mtu, ila shamba lake limepakana. Alisimama pembeni kimya, mikono nyuma.

Bosi akatazama kioo. "Mita mbili mashariki. Lakini subirini, bado hakijashika."

Hayo ya kusubiri hayakusikika. Mashariki maana yake mkarafuu ni wa kaka. Nyundo, ko, ko, ko! Kigingi cha kwanza kikazama.

"Sasa kinasema magharibi, mita moja na nusu."

Dada akapiga kigelegele, na mwezi wenyewe ule mtukufu. Mumewe akampokonya shemeji yake nyundo. Ko, ko, ko!

Sheha, ambaye kile cha kwanza alishakiandika kwa wino, akainua uso. "Yakhe, niandike kipi? Na mbona juu kweupe, hakuna hata wingu?"

"Wingu si kitu, sheha," bosi akasema. "Mvua inyeshe usiku kucha, mawimbi yatapita. Tatizo liko juu zaidi, kwenye ayonosfia, tabaka la juu la hewa, kuanzia kama kilomita 60 na kupanda. Huko jua la mchana huipasua hewa, elektroni, vile vichembe vya umeme, zikabaki zinaelea. Setilaiti iko kilomita 20,200, mawimbi yake hayana njia nyingine, lazima yapite humo, na yakipita huchelewa. Mchana si neno, mashine inajua kufidia. Jua likizama ndipo mambo yanapovurugika. Tabaka la chini linapungua upesi, la juu bado limejaa, na mapovu matupu yanaanza kupanda kama uji unaotokota. Mawimbi yakiyapitia yanatetereka, mashine inapoteza setilaiti moja baada ya nyingine. Hapo tena inabahatisha."

"Kila pahala?"

"Sisi tumekaa pabaya. Ikweta ya sumaku, mstari wa kati wa sumaku ya dunia, inapita Ethiopia, na elektroni hurundikana kama digrii 15 kaskazini na kusini yake. Hiyo kusini ndiyo hapa tuliposimama. Na Machi ndio mwezi wake, sawa na Septemba. Juu ya hayo, jua lenyewe linakaribia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, limechachamaa kwelikweli."

Sauti ikatoka barazani: "Mapovu yanapanda magharibi ikiingia? Sasa miye nilisema nini?"

Sheha akaandika na hilo.

Kumbe kioo hakijamaliza. Bosi akakitazama, akakifuta kwa shati, akakitazama tena. "Mita sita kusini," akasema kwa sauti ya chini. Nikageuza tochi. Mita sita kusini ni ndani ya banda la mbuzi la jirani.

Yule mzee akakohoa. Kwa adabu zote akaenda kwa mume wa dada, akaipokea nyundo, akaingia bandani mwake. Ko, ko, ko! Mbuzi wakapiga kelele mpaka mbwa wa mbali wakaitikia.

"Mzee wangu, hiyo si hesabu ya kweli!" bosi akalalamika.

"Ya wale wawili uliwaambia hivyo?"

Asubuhi mashine ilishika kabla sijaisimamisha fimbo vizuri, pembe ikapatikana, mkarafuu ukaangukia kwa dada. Kaka boti ikamwacha bado anabishana. Viwili tukaving'oa upesi. Cha tatu tulikikuta kimefungwa kamba, na mwisho wa kamba beberu anatutazama.

"Hiki hakitoki," jirani akasema. "Nimepewa na setilaiti. Muulizeni sheha, amekiandika."

Sheha akafungua daftari, akalowesha kidole, akaanza kuutafuta ukurasa.