Sahani za Bevin na makubaliano ya gerezani

Nimewahi kukaa upande wa wafanyakazi kwenye vikao vya mishahara. Ndiyo maana kila ninapomsikia mtu akisema kwamba kugoma wakati wa vita ni usaliti na basi, nakumbuka mgodi wa makaa ya mawe wa Betteshanger, huko Kent, Uingereza.

Julai 1940 Ufaransa ilikuwa imeshaanguka, na Waingereza wakingoja kuvamiwa. Serikali ikatoa Amri 1305. Migomo ikapigwa marufuku, na mwajiri naye akakatazwa kuwafungia wafanyakazi milango. Mgogoro ulipaswa kufika kwa Waziri wa Kazi, na ni pale tu siku 21 zinapopita bila yeye kuupeleka popote ndipo watu wangeweza kugoma. Mwisho wa njia lilikuwapo Baraza la Taifa la Uamuzi, na likishasema, limesema.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Mabomu yanadondoka, meli za chakula zinazamishwa. Huwezi kuacha kila mvutano wa posho usimamishe kazi. Lakini ukimnyang'anya mfanyakazi silaha yake pekee, unamdai mwamuzi jambo moja zito: aione kazi yenyewe kabla ya kuipangia bei.

Waziri wa Kazi wa wakati ule alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ernest Bevin alitoka kwenye chama cha wafanyakazi. Mwaka 1920 aliwatetea makuli wa bandarini mbele ya baraza la uchunguzi, na upande wa pili ukaleta hesabu ya mtaalamu kuhusu chakula kinachoitosha familia ya kuli. Bevin akaenda sokoni, akanunua kwa kipimo kilekile, akapika, akagawa kwenye sahani na kuziweka mbele ya baraza. Tonge chache kila sahani. Akauliza kama mtu anayebeba magunia ya nafaka kutwa nzima angeshiba hapo. Makuli wakapata shilingi 16 kwa siku.

Miaka 22 baadaye, Januari 1942, wachimbaji wa Betteshanger waligoma wakidai posho ya kukata makaa sehemu ngumu ya mgodi. Mwamuzi alikuwa ameshatamka kwamba kazi hiyo inawezekana kwa malipo yaliyopo. Wao ndio waliokuwa chini huko na sururu, wakasema haiwezekani. Serikali ikawashtaki zaidi ya wachimbaji 1,000. Viongozi watatu wa tawi la chama chao cha wafanyakazi wakafungwa, katibu akipewa miezi miwili na kazi ngumu, na wengine karibu wote wakatozwa faini ya pauni moja moja.

Mgomo haukuisha. Wa kumaliza mgomo walikuwa ndani! Ikabidi waziri wa migodi afunge safari hadi gereza la Maidstone, akae na wafungwa wale na kujadiliana nao, na makubaliano yakasainiwa humohumo gerezani. Yaliwapa wachimbaji karibu kila walichodai. Baada ya siku 11 viongozi wakaachiwa.

Mimi nasema yale mazungumzo yalipaswa kufanyika mwezi mmoja kabla, mezani, bila pingu. Mombasa nako, bei zilipanda miaka yote ya vita, lakini baraza la Jaji Thacker la kuchunguza mishahara lilikuja baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, vita vikiwa vimeshapita. Inaniuma kwamba mtu mnyonge husikilizwa akishasimamisha kazi, halafu analaumiwa kwa kuisimamisha.

Zikabaki zile faini. Mahakimu walitaka kuwakamata wasiolipa, wakashauriwa waache, maana magereza ya Kent yasingetosha watu wote hao. Kufikia Mei, katika watu wapatao elfu moja, waliokuwa wamelipa ni tisa.